Katambuga za Shemeji

Shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, ana ukumbi wa magemu pale Mafiga, na mlangoni ameandika kwa rangi nyekundu: VUA VIATU. Neno tafadhali halikupata nafasi. Ndani ametandika vigae vyeupe, na vigae hivyo anavipenda kuliko anavyowapenda watu wengi ninaowafahamu, mimi nikiwemo. Kila anayeingia, awe mwanafunzi aliyekuja kutoka Mzumbe au muuza kabichi aliyeshuka mlimani na mzigo wake ukamalizika mapema, anaacha viatu kibarazani na kuingia peku. Huo ni ustaarabu wetu na sina ugomvi nao; hata enzi za mama yetu hukuvuka kizingiti na viatu. Ila ndani ya ukumbi ule kuna mtu mmoja asiyevua, naye ni mwenye tangazo. Yeye hutembea humo na katambuga zake, ndala nene zilizokatwa kwenye tairi la lori, kwa madai kwamba visigino vyake vimepasuka na vigae vina baridi.

Naanza na katambuga kwa sababu ndizo zilizomruhusu awe mjinga kwa raha zake miaka yote ile, huku dada yangu akiumia.

Mashine zenyewe ni za kale. Usifikirie runinga bapa ambazo vijana huchezea mpira wa kwenye skrini. Hizi ni makabati ya mbao yanayomzidi mtu urefu, yenye kioo kinene cha runinga ya zamani, bamba la chuma lenye kirungu cha kuendeshea na vitufe, na chini yake kimlango cha chuma cha kutumbukizia sarafu. Zilitoka kwenye hoteli moja ya mjini iliyokuwa ya familia ya Kihindi. Watoto wa familia ile walikwenda kuishi ng'ambo, wazee wakachoka, hoteli ikafungwa, na shemeji akawa wa kwanza kufika na mkokoteni. Siku ya kuzibeba nilikuwepo, nimeshika upande mmoja wa kabati. Mzee mwenye hoteli alimwambia jambo moja tu: "Bwana, hii waya ya tatu usikate. Hii lazima iende chini ardhini."

Shemeji alimjibu ndiyo mzee wangu, kwa unyenyekevu wa kupigiwa mfano, na alipofika Mafiga akaikata yote. Plagi za pini tatu za mashine zile zilikuwa za umbo la zamani na hazikuingia kwenye ekstensheni yake. Akafunga plagi za pini mbili, na ule waya wa tatu, wa kijani na njano, akaukunja na kuupiga fundo. "Huu ni wa pambo," aliniambia. "Wazungu wanapenda rangi." Basi kila soketi ya ukumbi ule ikakaa na kifuniko cha kalamu kimechomekwa kwenye tundu la juu, maana bila hivyo pini mbili haziingii. Najua nchi nzima tunafanya hivyo. Hilo halinifariji hata kidogo.

Niseme wazi kwamba shemeji si fundi umeme. Alikulia Ngerengere, nyumba iliyo jirani na reli, na kwa mantiki yake mtu aliyekua akisikia treni ni fundi wa kila chenye chuma. Ana bisibisi moja yenye kitaa ndani ya mpini, huiweka mfuko wa shati ionekane vizuri. Ukimuuliza swali la umeme anakohoa kwanza. Halafu kuna jambo jingine ambalo hatulisemi mbele yake: kiwanja si chake. Ni cha mama yetu, aliyekipata kwa mama yake, na kwetu sisi Waluguru ardhi hupitia kwa wanawake. Mwenye kiwanja ni dada; shemeji ni mkwe aliyehamia na begi lake. Hakuna aliyewahi kumsimanga kwa hilo, lakini yeye hujisimanga mwenyewe kila siku, na dawa aliyoipata ni kuwa bingwa wa kila kitu kilichomo ndani ya uzio. Ukimwambia bomba linavuja, umemtukana.

Niligundua mambo siku ya Idi. Nimetoka kuswali, nimevaa kanzu yangu, nikapita kuwapa mkono wa Idi. Ukumbi ulikuwa bado haujafunguliwa kwa wateja, na dada alikuwa amemaliza kupiga deki muda huo huo. Nikavua viatu kama muungwana, nikaingia, na katika mazungumzo nikaweka kiganja juu ya bamba la chuma la mashine ya kwanza. Lilinikamata. Sisemi lilinitekenya, lilinikamata mkono mpaka begani, na nilipojinasua kofia ilikuwa chini na mimi nimejigonga mlangoni.

"Shemeji, mashine yako inapiga!" nilisema.

Alicheka mpaka akashika tumbo. "Inapiga? Mbona mimi sipigwi?" Akasogea, katambuga zikilia pwata pwata juu ya vigae vibichi, akaweka kiganja kizima pale pale nilipopigwa mimi, akakiacha. "Umeona? Wewe damu yako nyepesi, shemeji. Ukoo wenu wote damu zenu nyepesi. Hata huyu dada yako."

"Hata dada?"

Dada alikuwa akikamua dekio kwenye ndoo. Hakuinua uso. "Inanitekenya tu, mdogo wangu," alisema. "Nimeshazoea."

Kuanzia hapo nikawa namtazama. Na nilichokiona kilinitia uchungu ambao hata sasa nikikaa vibaya unanirudia. Kabla ya kufuta mashine yoyote, dada aligeuza mkono na kuigusa kwanza kwa mgongo wa kiganja, haraka, kama mtu anayepima homa ya mtoto. Ikiwa shwari, anafuta. Ikimng'ata, anangoja kidogo, anakausha miguu kwa khanga, anajaribu tena. Mafundi umeme hufanya hivyo, kwa sababu mkono ukipigwa kwa mgongo wake unajikunja kwa ndani na kukuachisha, lakini ukipigwa kiganjani unafumba na kung'ang'ania. Fundi hufundishwa na fundi mwenzake. Dada yangu alifundishwa na mashine, kwa kupigwa, na hakumwambia mtu.

Wateja hawakupigwa sana, maana waliingia vigae vimeshakauka na mikono yao ilishika vitufe vya plastiki, lakini si kwamba watu hawakujua. Walijua, wakalipatia maelezo. Shemeji alikuwa na nadharia yake ya damu nyepesi. Jirani wa nyuma alisema mashine za hoteli zimekuja na jini la hoteli, akaleta ubani, na ukumbi ukanukia vizuri wiki nzima huku umeme ukiendelea na kazi yake. Mteja mmoja aliyejifanya msomi alieleza kuwa wanawake wana maji mengi mwilini. Kila mtu alikuwa na sababu, na kila sababu ilikuwa ndani ya mwili wa dada yangu. Hata mmoja hakuitafuta ndani ya kabati.

Mabaya zaidi yalikuwa kwenye kimlango cha sarafu. Mashine zile zilitengenezwa kwa sarafu ambazo hakuna mtu anazo tena, basi shemeji akakata za kwake kwa mkasi wa bati, kutoka kwenye mabaki ya paa. Hazikuwa duara, zilikuwa na pembe kama viazi. Zilikwama kutwa nzima. Na kila ilipokwama, shemeji alipaza sauti kutoka kwenye kiti chake: "Mama watoto, imekwama!" Naye dada anapiga magoti juu ya vigae, anafungua kimlango, anaingiza mkono hadi kwenye kiwiko na kupapasa gizani.

Siku moja shemeji alipokwenda Ngerengere kwenye msiba, nikaenda na testa yangu ya kupimia umeme na tochi nikamwomba dada ruhusa ya kufungua nyuma ya kabati. Nilipoufungua mlango wa kwanza nilitukana kwa sauti, na dada akaniambia nisitukane kwenye kiwanja cha mama.

Transfoma, lile pande zito la chuma linalopunguza umeme, lilikuwa limekaa chini kabisa, na skrubu zake ziko uchi, zinang'aa, umeme mzima wa ukutani umesimama hapo bila nguo. Kutoka skrubu hizo hadi kisanduku cha sarafu ni upana wa kiganja. Waya wa ukutani ulipitia kwenye tundu lililotobolewa kwa msumari kwenye bati, lenye kingo kali, na ganda la waya lilikuwa limelika mpaka shaba inachungulia na kugusana na chuma. Penye fyuzi palikuwa na karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, imeviringishwa kwa ufundi mkubwa. Maungio yalifungwa kwa plasta. Plasta ya kidonda! Nilidhani nimemaliza kuona mpaka nikafika kwenye mashine ya mwisho, ambayo waya wake wa kijani na njano haukupigwa fundo. Huo aliuvuta hadi ukutani akaufunga kwenye msumari aliougongomea mwenyewe.

Aliporudi nilimuuliza ule msumari ni wa nini. Akakohoa. "Ile ni eathi ya kienyeji," alisema. "Ukuta si umesimama juu ya ardhi?"

Nimekutana na wajinga wengi, na wengi wao ni watu wazuri wanaokubali kuelekezwa. Huyu alikuwa mjinga wa kutafutiwa mahali pake. Nilimweleza taratibu, kisha nikamweleza kwa ukali, kisha dada akaniomba ninywe chai.

Mimi nina kibanda cha mihuri na vibao karibu na soko, na humo nina printa ya plastiki: mashine inayoyeyusha uzi wa plastiki na kuupanga tabaka juu ya tabaka mpaka kile ulichokichora kwenye kompyuta kinasimama mbele yako, unakishika. Watu huniagiza vikombe vya ligi za mitaani na vibao vya kuning'inizia funguo. Shemeji huiita mashine ya midoli. Nikaamua kwamba kama siwezi kuibadili akili yake, nitaubadili mwili wa mashine yake, kipande kwa kipande, na nilianza kwa kumpima dada mkono. Nilimpima kwa rula kutoka ncha ya kidole cha kati hadi kiwiko, upana wa kiganja, unene wa kifundo. Alicheka, akasema hajapimwa hivyo tangu aliposhonewa gauni la harusi.

Nilichora kofia ya kufunika transfoma, yenye matundu membamba yanayopitisha hewa na kukataa kidole. Nilichora kola ya kuvisha tundu la waya ili bati lisiendelee kuutafuna. Nilichora kisanduku cha kuhifadhia fyuzi halisi, na ukuta wa kusimama kati ya sarafu na umeme, mrefu kuliko mkono wa dada hata akipapasa kwa hasira. Kazi hiyo niliifanya kwa chuki, na nakiri kwamba chuki ni fundi mzuri. Kila kipimo nilikirudia, maana nilijua shemeji angefurahi sana kikikosea.

Na akafurahi. Seti ya kwanza niliichapa kwa plastiki ya kawaida ninayotengenezea vikombe. Ndani ya kabati mna joto la transfoma na joto la kioo, juu yake ongeza jua la Morogoro la kabla ya masika, na kofia ya kwanza ikalegea ikainama kama mtu anayesinzia kwenye mkutano. Shemeji aliichomoa, akawaonyesha wateja, akawapitishia waishike. "Hii ndiyo teknolojia ya shemeji yangu," alisema. "Inayeyuka kabla ya barafu." Wakacheka wote, peku juu ya vigae vyake. Kisha akaitundika ukutani ili kila aingiaye aione. Aliitundika kwenye msumari wa eathi.

Nikaagiza Dar plastiki nyingine, ngumu, ya kuvumilia joto na isiyoshika moto upesi. Haikuwa na rangi nyingine ila ya chungwa. Nikachapa upya vyote, nikavijaribu kwa kuviacha kutwa juu ya bati la paa la kibanda changu, nikazima umeme wa ukumbi nikavifunga. Nilitegemea vita, kumbe shemeji alipendezwa. Si kwa sababu ya usalama, alipenda rangi. Alianza kufungua migongo ya makabati ili wateja watazame, na kwa mara ya kwanza nikasikia akisema "tumeboresha."

"Sasa tuweke waya wa tatu," nilimwambia. Nilimweleza kwamba plastiki inauzuia mkono usifike kwenye umeme, lakini haiuzuii umeme usifike kwenye chuma. Waya za ndani zilikuwa za kizee, ganda limepasuka mahali ambapo kola yangu isingefika, na mashine bado ziling'ata, ingawa kidogo kuliko mwanzo. Kulihitajika plagi za pini tatu, fimbo ya shaba izikwe uwanjani iwe eathi halisi, njia ya kuupeleka ardhini umeme unaovuja, na breka ile inayokata yenyewe umeme ukianza kuvuja. Nilikuwa nimeshazungumza na fundi mwenye leseni. Kazi ingetaka kutoboa ukuta na kung'oa vigae viwili.

"Vigae vyangu?" alisema. Alikuwa ameshika kifua. "Shemeji, wewe umekuja kuharibu. Mashine haziumi. Mimi naishi nazo." Na kama kawaida yake akaenda kuweka kiganja juu ya chuma, watu wakitazama, akapiga na makofi juu yake.

Mimi hasira zilikuwa zimenipanda kiasi kwamba sikutaka kumtazama usoni. Nikatazama chini. Na huko chini nikaona tairi la lori, nene, limekauka, limesimama kati ya mtu yule na sakafu yake. Ukumbi mzima peku na yeye peke yake juu ya mpira! Nilicheka peke yangu kwa sauti, wakadhani nimeshindwa.

Sikumwambia. Nilitamani sana kumwambia avue ashike tena, na sitadanganya, nilitaka apigwe. Nilikuwa nimeshaiona picha ya bisibisi yake ikiruka kutoka mfukoni. Lakini umeme wa ukutani hauna adabu ya kumpiga mtu kofi moja na kumwacha, na mume wa dada yangu akifa mikononi mwangu, dada ndiye angekaa eda. Nikaenda jikoni nikamwambia dada. Nilimweleza habari ya mpira na miguu mikavu, kwamba damu yake haina kasoro yoyote, kwamba hata mzee wa hoteli angepigwa pale akiwa peku. Alikuwa akichambua mchele.

"Kwa hiyo si mimi," alisema.

"Si wewe, dada. Haijawahi kuwa wewe."

Aliinuka akaenda kuosha mchele. Mimi nilikwenda zangu nikiwa na hasira hata na yeye kwa kunyamaza.

Masika yakaanza. Mlima ukajifunika ukungu kutwa, mitaro ya Mafiga ikajaa, na vigae vya shemeji havikukauka tena. Asubuhi moja nikaenda kukagua kofia zangu za transfoma. "Shikamoo, dada," nikapiga hodi, nikaacha viatu kibarazani, na nilipoingia nikamkuta dada anafuta mashine zikiwa zimewashwa. Alikuwa amevaa katambuga. Zilimzidi, visigino vyake vilikaa katikati, na alikuwa akitembea nazo juu ya vigae vyeupe kwa utulivu mkubwa. Shemeji huzivua kwa mambo mawili tu, kuswali na kulala, na baada ya sala ya alfajiri alikuwa amerudi kujinyoosha.

"Marahaba, mdogo wangu," alisema dada. "Simama pale kwenye swichi kubwa."

Nikasimama. Nikaweka mkono juu ya swichi.

Shemeji akaja akitafuta ndala zake, anaita tangu sebuleni kwao, na akaingia peku. Niliangalia visigino vyake. Vilikuwa laini, vimenona, bila ufa hata mmoja.

"Mama watoto, nani kachukua ndala zangu?"

"Mimi."

"Zivue basi! Utachafua vigae."

"Nimeshapiga deki," alisema dada. "Sasa nafuta mashine." Akaweka kiganja kizima juu ya bamba la chuma, pale niliponaswa mimi siku ya Idi, na akakiacha. "Tazama, baba watoto. Leo hainitekenyi. Naona damu yangu imekuwa nzito."

Shemeji alinitazama mimi, akamtazama yeye, akatazama miguu yake mwenyewe. Maji ya deki yalikuwa yamemwingia katikati ya vidole.

"Njoo ushike na wewe," alisema dada. Sauti yake haikuwa ya ugomvi. "Kila siku unashika mbele za watu."

"Aah, sina muda wa michezo."

"Shika. Si haiumi?"

Sijui kama ni kiburi au ni aibu iliyomsukuma, lakini alisogea. Alinyoosha mkono kwenye chuma. Na ulipokaribia, mkono ule ukageuka. Kiganja kikarudi kwake na mgongo wa kiganja ukatangulia, taratibu, vile vile hasa kama anavyofanya dada.

Mimi nikazima swichi. Vioo vyote vikafa kwa pamoja. Lakini niliona, na dada aliona. Basi alikuwa anajua. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake miaka yote, akimwona mkewe anavyoijaribu mashine kila asubuhi, akaelewa ni kwa nini, na wakati wake ulipofika hakuhitaji mtu wa kumwelekeza. Nilidhani kwa muda wote ule kwamba namdharau mjinga. Ningefurahi kama angekuwa mjinga tu.

"Umeme umekatika," alisema shemeji, mkono ukiwa bado hewani.

"Nimezima mimi," nilisema.

Dada alizivua katambuga akaziweka mbele ya miguu ya mumewe, moja kando ya nyingine. Kisha akaniambia mimi, si yeye: "Mwite fundi wako. Uwanja ni wa mama yangu, mimi ndiye nitakayemwonyesha pa kuchimba. Na hivyo vigae, vikivunjika vivunjike."

Fundi alikuja mvua ilipopumzika. Fimbo ilizikwa karibu na migomba ya mama, mahali ambapo udongo haukauki, waya wa tatu ukarudishwa kwenye kila mashine, breka ikafungwa, vifuniko vya kalamu nikavichomoa vyote kwa mikono yangu na kuvitupa chooni. Msumari wa eathi niliung'oa pamoja na kofia yangu iliyoyeyuka. Siku za mwanzo breka ilikata mara kwa mara, kila ilipokuta pa kuvuja, na shemeji alizunguka akilalamika kwamba tangu niguse mashine zake umeme hautulii. Tuliziba kila ilipotuonyesha, mpaka ikanyamaza.

Ukienda leo utamsikia anavyowahutubia wateja. Anakohoa, anafungua mgongo wa kabati, anaonyesha vitu vya rangi ya chungwa na bisibisi yake. "Sisi hapa usalama kwanza," anasema. "Eathi tumeizika chini kabisa." Tumeizika! Hakushika hata jembe. Tangazo la viatu bado lipo, na yeye bado anavaa katambuga, nami nimeacha kubishana naye, maana sasa hata akitembea kwa magoti haina madhara kwa mtu.

Mwezi uliopita nilipita alasiri. Hakukuwa na wateja, mvua ilikuwa imewafungia watu majumbani, na shemeji alikuwa amelala kwenye kiti chake mdomo wazi. Dada alikuwa anafuta mashine, akigusa kila moja kwanza kwa mgongo wa kiganja.

"Dada, haing'ati tena," nilimwambia. "Nimeipima mwenyewe."

"Najua, mdogo wangu," alisema. "Mkono ndio haujui."

Adhana ya alasiri ikasikika, akaweka kitambaa chini na kwenda kumwamsha mumewe. Akamgusa bega kwa mgongo wa kiganja, akaurudisha mkono, akangoja kidogo. Ndipo akamshika akamtikisa.